Kurasa za Ndoa Zilizofungia Karanga

Juma hili, rafiki yangu, nimezunguka Bunia nzima kutafuta kitabu. Wamama wa kanisani kwetu waliniomba kitu kidogo tu: kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye kutia moyo, kinachosema juu ya ndoa, cha kusoma Alhamisi. Kuna mwanamke kijana kati yetu amerudi kwa wazazi wake na watoto wawili, na Alhamisi atakuwa ameketi pale mbele yetu. Nilianzia sokoni, nikapita kwenye meza ya muuza Biblia karibu na wale vijana wa pikipiki, nikafika mpaka kwenye kibanda cha kalamu na kaye, madaftari ya shule. Vitabu viko, sikatai. Lakini vingi ni vya Kifaransa, na vya Kiswahili nilivyoviona vyote vinafundisha namna ya kupata mali. Kijana mmoja akaniambia, bila hata kuinua macho, "Mama, nitakutumia mu telefone. Mutasomea mule." Nikamwuliza wamama ishirini watasomaje mu telefone moja. Akacheka. Mimi sikucheka, maana jua lilikuwa limenichoma utosi na miguu ilikuwa inaniuma.

Nikanunua karanga ili nipoze hasira. Msichana alinipa kifuko cha nailoni, kile cha kufungwa kwa moto wa mshumaa. Nikakaa kwenye ngazi za duka, nikala, na nilipomaliza nikajikuta nakigeuza kile kifuko huku na huku, natafuta mahali pa kusoma. Miaka ishirini na kitu imepita, na vidole vyangu bado havijaacha ile tabia. Ngoja nikueleze, kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Nilipokuwa na miaka kumi tulikaa kwa koko, mama ya mama yangu, upande wa juu wa mji, kule ambako udongo mwekundu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya sufuria. Koko alikuwa muuza karanga. Asubuhi na mapema alikuwa anaweka mchanga kwenye kikaango kikubwa cheusi, mchanga ukipata moto anamwaga karanga humo na kuzigeuza kwa kijiti, taratibu, mpaka zinaanza kupasuka. Harufu ile ilikuwa inatuamsha kuliko jogoo. Upande mwingine wa uwanja mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, tu, tu, tu, na jirani yetu alikuwa anamfokea kuku aliyeingia nyumbani mwake. Zikishaiva, tulizichekecha mchanga, tukazisugua kwa mikono, tukapeta maganda. Mwili mzima ulikuwa unajaa yale maganda mekundu, hata shuleni watoto walikuwa wanayatoa kwenye nywele zangu.

Kazi yangu mimi ilikuwa karatasi. Wakati ule karanga zilikuwa zinauzwa ndani ya karatasi iliyosokotwa pembe, na mimi ndiye nilikuwa naitafuta. Kaye za zamani, magazeti, karatasi za mitihani, kila kitu kilichoandikwa na kusahauliwa kilipitia mikononi mwangu. Ndiyo sababu watu wa Bunia tulikuwa wasomaji wakubwa. Ukimaliza karanga zako unakunjua pembe na kusoma: imla ya mtoto aliyepata sifuri, barua ya mtu kwa shemeji yake, nusu ya tangazo la kazi. Koko hakujua kusoma, lakini alikuwa na neno lake moja: karatasi haitupwi mpaka imefanya kazi mara mbili. Neno hilo lilikuja kuniponza.

Sasa nikupeleke kwenye Alhamisi. Alhamisi jioni wamama wa kanisa walikusanyika uwanjani kwa koko, kila mtu na kiti chake au na kipande cha mkeka. Walikuwa na kitabu kimoja, kimoja tu, chembamba, jalada la kahawia, kimeshonwa katikati kwa nyaya mbili ndogo. Mke wa mchungaji alikileta kutoka Mahagi, juu ya lori la samaki, na miezi ya kwanza kilikuwa bado kinanuka samaki. Ndani mlikuwa na mafundisho manne: imani, neema, ndoa, uongozi. Kilikuwa kinalala ndani ya sanduku la chuma la koko, kimefungwa na kikwembe, kitenge cha kujifunga. Ufunguo alikuwa nao mama, kwa sababu wamama walikuwa wamemchagua kuwa kiongozi wao, ingawa kusoma kwake kulikuwa kumeishia kwenye jina lake mwenyewe. Hawakumchagua kwa sababu ya kusoma. Walimchagua kwa sababu alikuwa akisema jambo, jambo linafanyika.

Msomaji nilikuwa mimi. Nasoma sentensi moja, nanyamaza, wamama wanairudia mara tatu, wote kwa pamoja. Kama mmoja amekosa neno, tunarudi nyuma. Hakuna kwenda mbele mpaka sentensi imekaa ndani ya vichwa vyote. Wakifika nyumbani wanawasomea mabinti zao bila kitabu. Imani tuliimaliza kwa msimu mmoja wa mahindi, neema ikachukua mwingine.

Aliyekuwa mkali kuliko wote ni yule jirani. Alikuwa mwanamke mzee aliyekimbia kijiji chake kule Djugu na kufika Bunia na sufuria moja na mbuzi mmoja, na mbuzi naye akaibiwa. Alikuwa mgomvi, nakwambia ukweli. Aligombana na koko juu ya kuni, aligombana na mama juu ya kamba ya nguo, na mimi aliniita mutoto wa mudomo. Lakini neno likiingia kwenye sikio lake lilikuwa limeingia. Ukisema "na" mahali kitabu kilisema "wala," alikuwa anainua mkono. "Siye hatuna macho ya kusoma," alikuwa anasema, "tuko na masikio."

Kwa nini tulikaa kwa koko wakati baba alikuwa mzima? Baba alikuwa Kilo, anachimba dhahabu na watu wengine kwenye mashimo yale ya zamani. Sisi pia tulikuwa tumeishi kule. Siku moja mama alifunga vitu vyake ndani ya kikwembe kimoja, akanishika mkono, tukapanda lori, na tangu siku ile vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika tena. Nilijua kwa nini. Sitaki nikudanganye kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilikuwa ndani ya nyumba, niliona, nilisikia.

Lakini nilimpenda baba. Na hilo pia ni kweli. Nilikuwa na jina la mama yake, kwa hiyo aliniita "mama," alinibeba mabegani kwenda mtoni, na alipotoka machimboni alikuwa na biskuti mfukoni, zimejaa udongo, na tulizila hivyo hivyo. Kule kwa koko hakuna mtu aliyeniita mama. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe mbele ya uwanja, natazama barabara, na kila mwanaume mrefu aliyetokea moyo wangu ulikuwa unaruka.

Basi Jumatatu moja, katikati ya mvua kubwa, alikuja baba mdogo, ndugu wa baba. Aliketi, akapewa maji, akanywa, akasema alichotumwa. Baba anaomba mama, bibi yake, arudi. Jumamosi atakuja yeye baba mdogo pamoja na wazee wawili kumchukua. Baba mwenyewe hataweza kuja, iko na kazi mingi. Koko alimtazama tu. Mama alisugua vile vidole viwili kwa mkono wake mzima, kisha akasema, "Tumefika ku maneno ya ndoa. Alhamisi tutaanza kuisoma. Nitasikia kwanza kitabu iko nasema nini, halafu nitakujibu Jumamosi."

Nilisikia yote nikiwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo nilijua mapema kabisa: kurasa zile ndizo zitakazoamua kama mama anarudi Kilo au anabaki.

Jumatano ilikuwa siku ya malori ya Mahagi, siku ambayo koko aliuza sana. Karanga zilikuwa tayari, beseni limejaa, na mvua ya usiku ilikuwa imepenya paa na kulowesha mzigo wangu wote wa karatasi. Zilikuwa zimekuwa uji. Mama alikuwa mtoni anafua, ufunguo ameuacha umening'inia kwenye msumari. Koko akaniita kutoka barabarani, "Karatasi. Malori inaondoka."

Nilifanya hesabu ya mtoto. Neema tumeimaliza, nikajiambia. Iko ndani ya vichwa vya wamama wote, hata jirani anaiimba akichambua maharage. Karatasi yake ina kazi gani tena? Si imekwisha kufanya kazi ya kwanza? Nikafungua sanduku, nikafungua kitabu mahali pa neema, na kwa kuwa kilikuwa kimeshonwa katikati, karatasi zilitoka kwenye zile nyaya kwa urahisi, nzima nzima. Nikafurahi kuona kwamba ni kubwa kuliko nilivyofikiri, kila moja inatoa pembe mbili. Nikazipasua katikati nikikimbia. Sikutazama nusu ya pili ina nini. Nilifika, koko akajaza, watu wakanunua juu ya magari, na kabla ya saa sita beseni lilikuwa tupu. Koko alinipa karanga zilizobaki chini, akanisifu.

Alhamisi wamama walikuja wengi kuliko siku zote. Habari ilikuwa imezunguka. Kila mmoja alijua mama anasubiri nini, na wengine walikuja na yao, maana nani kati yao hakuwa na swali lake juu ya ndoa? Mama alikaa mbele, kwenye kigoda, amevaa kikwembe chake cha kanisa. Nikakifungua kitabu nitafute mahali pa ndoa.

Hapakuwa na ndoa. Palikuwa na imani, kisha nyaya mbili zilizolegea, kisha uongozi. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Hapo ndipo nilipoelewa: katika kitabu kile, karatasi iliyobeba neema kwenye nusu yake ya kushoto ilikuwa imebeba ndoa kwenye nusu yake ya kulia. Nilipoivuta neema, ndoa ikatoka nayo. Na sasa vyote vilikuwa njiani kwenda Mahagi.

"Soma," jirani akasema. "Jua linaenda."

Ningesema ukweli pale pale, yote yangekwisha kwa fimbo. Lakini kilikuwa kitabu cha kanisa, na mimi nilikuwa msomaji, na wamama wote walikuwa wananitazama mdomoni. Nikaangalia ukurasa wa uongozi kama mtu anayesoma, nikafungua kinywa. Na ilipobidi kutoka neno, rafiki yangu, lilitoka lile nililokuwa nalo moyoni siku zote nikiwa kwenye lile jiwe.

Nilisema, kwa sauti ileile ya kitabu: "Ndoa ni nyumba yenye milango miwili, mmoja akitoka, mwenzake asifunge." Wakarudia mara tatu. Nikasema: "Mume akituma watu kumwomba mkewe, mke asiulize maneno mengi, bali afunge vitu vyake." Wakarudia mara tatu, na mara ya tatu sauti zilikuwa zimepungua. Nikasema: "Anayerudi kabla ya kuombwa mara ya tatu, huyo Mungu atamjengea nyumba yake." Hapo sikumsikia mama kabisa. Midomo yake ilikuwa inatembea tu. Koko alikuwa anatazama makaa.

"Inatosha," mama akasema. "Nimesikia."

Ijumaa alimpa koko ufunguo wa sanduku. Aliwapitia wamama wawili watatu nyumbani kwao kuwaambia wachague kiongozi mwingine. Kisha akaanza kufua vitu vyetu vyote. Alikuwa hawezi kukamua nguo nzito kwa ule mkono, kwa hiyo aliniita nishike upande wa pili. Tulikamua kile kikwembe cha kanisa, yeye kule mimi huku, tukikisokota mpaka maji yakaisha, na niliona jinsi vile vidole viwili vilivyokuwa vimesimama pembeni, havifanyi kazi. Hakulia. Aliniambia kwa upole, "Utafurahi. Utaona baba yako." Nilikuwa nimesubiri maneno yale mwaka mzima, na yalipofika sikuyataka tena. Nilitaka kusema. Nikaendelea kukamua. Jioni ile nilikataa kula, mama akafikiri nina homa, akanipikia uji.

Jumamosi walikuja. Baba mdogo na wazee wawili wenye kofia, wametoka Kilo wakapita Iga Barrière, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Koko alikuwa amepika fufu, sombe na makayabo, samaki wa chumvi, kwa sababu wageni ni wageni hata kama huwataki. Wamama nao walifika kumsindikiza mama. Mzigo wetu ulikuwa mlangoni, umefungwa. Mzee mmoja aliomba, baba mdogo akasema asante kwa Mungu aliyemfundisha mwanamke huyu hekima, na mama akainuka kuchukua mzigo.

Jirani akakohoa. "Bado," akasema. "Hawa wababa wanamuchukua kwa neno. Basi na wao walisikie. Mutoto, leta kitabu, usome tena yale ya Alhamisi. Siye tutaitika."

Ilikuwa desturi yao, sikuweza kuikataa. Nilikileta kitabu, nikasimama kati ya wazee na wamama. Sentensi ya kwanza ilikuja vizuri, wakaitika. Ya pili nikaitafuta, nikasema, "Mume akituma watu kumwita mkewe, mke asiseme maneno, bali achukue vitu vyake."

Hakuna aliyeitika. Mkono wa jirani ulikuwa juu.

"Alhamisi ulisoma 'kumwomba.' Leo unasema 'kumwita.' Alhamisi 'asiulize maneno mengi.' Leo 'asiseme.' Alhamisi 'afunge,' leo 'achukue.'" Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole. "Imani tulisoma mara mingi, haikugeuka. Neema haikugeuka. Hii ya ndoa imegeuka kwa siku mbili. Kitabu iko nageuka namna gani?"

"Mutoto amekosa kusoma," baba mdogo akasema. "Nipe miye. Miye najua kusoma." Akanyoosha mkono.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameushika mzigo kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameuficha ndani ya kikwembe, kama alivyokuwa anaficha kila mara mbele ya watu wa Kilo. Basi nikasema. Sikulia kwanza, nilisema tu, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Haiko mu kitabu. Njo miye niliyasema. Kurasa za ndoa haziko, nilizitoa Jumatano, tukazifungia karanga ku malori. Nilitaka mama arudi, nimuone baba."

Baba mdogo alininyang'anya kitabu, akalowesha kidole, akafunua, akafunua tena. "Huu ni mupango ya wanawake," akasema. "Mumemufundisha mutoto atudanganye." Koko alikuwa ameketi chini, mkono kichwani. Mama mmoja akaanza kulia kwa sababu ya kitabu. Na jirani, yule mgomvi, akasema polepole kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kumbe wasafiri wa Mahagi wamekula ndoa yetu."

Kisha akainuka. Aliweka mikono nyuma, kama walivyofanya siku zote, akaanza kusema sura ya neema, ile ambayo karatasi yake nilikuwa nimeipasua. "Neema ni mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba." Wamama wakaitika. "Haimvuti mtu kwa kamba, wala haimsukumi mgongoni." Wakaitika, na safari hii sauti hazikupungua. "Aliyekosa huja mwenyewe, kwa miguu yake, akilitaja kosa lake, naye humkuta mwenye nyumba amesimama." Wakarudia mara tatu. Hakuna neno lililoanguka. Nilimsikia mama kati yao, sauti yake ilikuwa imerudi.

Akautua mzigo. "Baba mudogo," akasema, "miye nilifikiri Mungu ananituma Kilo. Kumbe nilisikia mutoto wangu akimulilia baba yake." Akautoa mkono wa kushoto nje ya kikwembe, akauweka mahali ambapo wageni wote watatu wangeuona. "Umwambie ndugu yako, mulango iko wazi. Asitume watu. Aje na miguu yake, na aseme mwenyewe alichofanyia huu mukono. Akisema, tutaongea."

Wazee walitazama chini. Baba mdogo alitaka kuondoka kwa hasira, lakini koko akasema, "Mutakula kwanza. Chakula haina kosa." Wakala, wakaondoka.

Mimi nilijificha nyuma ya jiko nikisubiri fimbo. Mama alikuja, akachuchumaa mbele yangu. Sikuweza kumtazama. Aliniambia, "Weye umekuja na miguu yako, ukasema." Kisha akaninyang'anya usomaji. Kuanzia Alhamisi iliyofuata mke wa mchungaji alikuja kusoma mwenyewe, nami nilikaa nyuma kabisa, nikirudia mara tatu kama wengine. Baadaye mama alinunua kaye mpya, akanikalisha karibu na jirani, na jirani akaniimlia neema yote kutoka kichwani, neno kwa neno, akinigombeza kila nilipoandika upesi. Tulipofika mwisho wa neema, mama alisema niache kurasa nyeupe nane kwa ajili ya ndoa, labda siku moja kitatokea kitabu kingine kama kile. Hakikutokea.

Na baba hakuja. Nilimsubiri Jumamosi nyingi kwenye lile jiwe, nikiwa na hasira naye, na mama, na jirani, na zaidi mimi mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na nne nikaacha kumsubiri.

Leo uwanja wa koko una ghala la saruji juu yake. Koko tulimzika. Jirani alirudi kijijini kwake kulipotulia, kisha vita vikarudi kule, na hatukupata tena habari zake, nami namkumbuka kila mtu anapokosea neno mimbarini na wote wanasema amina. Hakuna tena anayerudia mara tatu. Tunatumiana maneno mazuri mu telefone asubuhi, na ikifika saa sita hakuna anayeyakumbuka. Karanga ziko ndani ya nailoni. Mama naye alituacha mwaka uliopita, na ndani ya sanduku lake la chuma niliikuta ile kaye, imefungwa na kikwembe.

Niliwahi kumwomba niijaze. Nilikuwa nimeolewa, nimesoma, nilifikiri sasa naweza kuandika jambo la maana juu ya ndoa kwenye zile kurasa nane. Alikuwa anachambua majani ya lengalenga, mchicha wetu, hata hakuinua kichwa. "Acha," akaniambia. "Ulijaza mara moja, ikatosha."

Basi nimeacha kutafuta kitabu. Alhamisi nitakwenda na kaye. Nitawasomea neema, na nitawaomba warudie mara tatu, hata kama vijana watacheka. Nikifika kwenye kurasa nyeupe nitanyamaza, na nitamwuliza yule mwanamke kijana yeye mwenyewe anataka nini. Mama yangu sikumwuliza.